Mtoto wa Jicho: Usingoje Akomae
Ushauri wa kungoja mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, akomae ulikuwa na mantiki yake zamani. Enzi hizo jicho lilipasuliwa kwa upana, lenzi ikatolewa nzima pamoja na mfuko wake, kisha mgonjwa akavaa miwani minene iliyokuza kila kitu na kumfinyia upeo wa macho. Aliyekuwa bado anaona kiasi angeweza kupoteza zaidi ya alichopata. Mwaka 1949 Harold Ridley alipandikiza lenzi bandia huko London, na mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani akabuni njia ya kuivunjavunja lenzi kwa mitetemo na kuifyonza kupitia tundu dogo. Sababu ya kungoja ikaondoka. Ushauri, kwa bahati mbaya, ukabaki.

Mtu anaweza kujibu kwamba hata mtoto wa jicho aliyekomaa hutolewa vizuri kwa njia ya mkono inayotumika sana Afrika Mashariki, isiyohitaji mashine ya mitetemo. Ni kweli, ila kuchelewa hakumwongezei mgonjwa chochote. Lenzi inazidi kuwa ngumu, na ikiachwa mno inaweza kuvimba au kuvujisha protini zake, presha ya jicho ikapanda na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea, ambao hakuna upasuaji wa kuufufua. Tena kuna gharama ya miezi ya kungoja yenyewe. Huko Nottingham, Uingereza, wanawake 306 wenye zaidi ya miaka 70 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubiri zamu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa waliowahi walianguka kwa kiwango cha chini kwa asilimia 34. Nakuru, Kenya, watafiti waliwafuatilia waliopasuliwa na kuwakuta, mwaka mmoja baadaye, wakitumia muda mwingi zaidi katika kazi za uzalishaji.

Basi kila ukungu upasuliwe? La. Maambukizi ndani ya jicho hutokea kwa nadra, lakini yanaweza kulipofusha, na lenzi bandia ya kawaida humwezesha mtu kuona vizuri umbali mmoja tu. Ikiwa miwani mipya inatosha, hakuna haraka. Kipimo ni kazi ya mtu, na ubao wa herufi hausemi yote: dereva wa bodaboda anayepofushwa na taa za magari usiku ana sababu ya kupasuliwa kabla ya mstaafu mwenye macho kama yake asiyetoka baada ya magharibi. Mwenye kisukari au glakoma aulize kwanza ni kiasi gani cha giza kinatokana na lenzi, maana retina iliyoharibika haitaponywa kwa kubadilisha lenzi.

Kwa mtoto mchanga hesabu hii haitumiki. Ubongo wake unajifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na usipopata picha safi kutoka jicho lenye ukungu hulisahau jicho hilo. Mboni ikionekana nyeupe, apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.