Kabureta ya Pikipiki na Kipimo cha Hewa

Injini ya pikipiki haichomi petroli ikiwa majimaji, bali huchoma mchanganyiko wa hewa na matone madogo mno ya petroli, na chombo kinachoandaa mchanganyiko huo katika bodaboda nyingi za Afrika Mashariki ni kabureta. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta, yaani njia iliyobanwa katikati, na kwa kuwa hewa hulazimika kwenda kasi mahali hapo, shinikizo lake hupungua na petroli hufyonzwa kutoka kwenye bakuli la chini kupitia vijitundu viitwavyo jeti. Kwa uzito, petroli huungua yote ipatapo hewa mara 14.7 yake, ilhali nguvu kubwa zaidi hupatikana uwiano ukiwa karibu 13 kwa 1. Mchanganyiko uliozidi petroli huitwa mzito, na uliozidi hewa huitwa mwepesi; kurekebisha kabureta ni kutafuta nafasi finyu kati ya hali hizo mbili, wala si kuongeza petroli kama wengi wanavyodhani.

Kinachowatatiza wengi ni kwamba kabureta haina kirekebishi kimoja kinachotawala mwendo wote. Tangu injini inapounguruma pikipiki ikiwa imesimama hadi mkono wa mafuta ufunguliwapo robo, petroli hutoka zaidi kwenye jeti ndogo na kurekebishwa kwa skrubu ya mchanganyiko. Kati ya robo na robo tatu hutawala sindano iliyochongoka, ipandayo na kushuka ndani ya tundu lake. Mkono ukifunguliwa wote, hutawala jeti kuu. Kwa hiyo pikipiki inayokosa nguvu katika mwendo wa kasi haiponi kwa kuzungusha skrubu ya pembeni, na fundi ashikaye bisibisi kabla ya kuuliza tatizo hutokea wakati gani hupoteza muda wake na fedha za mteja.

Kabla ya marekebisho yoyote, chujio la hewa lisafishwe, plagi ikaguliwe, na mpira unaounganisha kabureta na injini utazamwe kama una ufa, kwa maana hewa ipenyayo hapo huharibu kila kipimo. Kisha injini ipashwe moto, na skrubu izungushwe polepole mpaka mngurumo uwe wa kasi na wa kutulia, ndipo mwendo huo urudishwe kwenye mizunguko takriban 1,400 kwa dakika, kiwango cha kawaida cha injini nyingi ndogo. Hapa pana mtego: skrubu iliyo upande wa chujio hurekebisha hewa, hivyo kuikaza hufanya mchanganyiko uwe mzito, lakini iliyo upande wa injini hurekebisha petroli, na kuikaza huufanya uwe mwepesi.

Plagi nayo hutoa ushahidi. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu huonyesha uwiano mzuri, masizi meusi makavu huonyesha uzito, na weupe huashiria wepesi, hali ya hatari zaidi kwa sababu huipandisha injini joto hadi pistoni kuweza kutoboka. Ndiyo maana kuondoa chujio ili pikipiki “ipumue” ni kosa kubwa: hewa huongezeka huku jeti ikibaki ileile. Kosa jingine ni kuzibua jeti kwa waya. Tundu la jeti kuu ya injini ya sentimita za ujazo 125 lina upana wa takriban milimita 1, nalo likikwaruzwa kidogo tu hupanuka na kuacha kabisa kulingana na namba iliyochongwa juu yake; hewa ya kompresa na dawa ya kusafishia hutosha.

Mwinuko wa nchi pia hubadilisha kipimo. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina hewa iliyopungua uzito kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya Mombasa, hivyo pikipiki iliyorekebishwa pwani huwa nzito ikifika bara na kutoa moshi mweusi, na iliyowekewa jeti ndogo Nairobi huwa nyepesi ishukapo pwani. Mwenye pikipiki anayehamia mwinuko mwingine na amwambie fundi pikipiki ilikotoka, aombe kukabidhiwa jeti ya awali, na aandike namba zote mbili kabla ya kuondoka gereji.