Jicho la njiti na kalenda ya panya

Njiti aliyezaliwa Mtowisa, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, akihitaji huduma kubwa zaidi hupandishwa ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga. Akishindwa kupumua huwekewa oksijeni kwanza, na ni haki yake. Bila hiyo hafiki kesho. Habari ya macho huja baadaye, na hapo ndipo watoto wanapoponyoka mikononi mwetu.

Mishipa ya damu ya retina huanza kuota mimba ikiwa na wiki 16 hivi, ikafika ukingoni karibu na wiki ya 40. Njiti huzaliwa kazi haijaisha. Upofu unaowapata baadhi yao kwa sababu hiyo ulielezwa na daktari Theodore Terry wa Boston mwaka 1942. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne akaishuku oksijeni. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, alipofuka hivyo.

Walioonyesha inavyotokea ni paka. Norman Ashton, jijini London, aliviweka vitoto vya paka kwenye oksijeni nyingi, mishipa michanga ikasinyaa na kuziba. Viliporudishwa kwenye hewa ya kawaida, retina iliyokosa damu ikaotesha mishipa mipya, ovyo ovyo. Vilifaa kwa sababu paka huzaliwa retina haijakomaa. Panya pia. Mwaka 1994 Lois Smith na wenzake walitoa kalenda inayotumika hadi leo: vitoto vyenye siku 7 huingizwa pamoja na mama kwenye oksijeni ya asilimia 75, hutolewa siku ya 12, na mishipa mibaya hufikia kilele siku ya 17. Wanyama kama hao walisaidia kuonyesha kwamba VEGF ni protini inayoichochea mishipa hiyo. Leo dawa ya kuizuia hudungwa jichoni, au hutumika leza.

Tazama tarehe hizo: kilele huja siku 5 baada ya oksijeni kuondolewa. Wauguzi wanaweza kuhakikisha kipimo cha oksijeni kwenye damu hakizidi asilimia 95, lakini jicho nalo sharti lichunguzwe, wiki 4 hivi baada ya kuzaliwa. Wakati huo pengine mama ameshateremka bondeni. Mtoto ananyonya, anaongezeka uzito. Nani apande tena mlima, mvua zinanyesha na mpunga unasubiri, kwa ajili ya mtoto asiyeumwa?

Kwa panya, mishipa mibaya hunywea yenyewe kufikia siku ya 25. Kwa watoto wengi pia hunywea. Yule ambaye haitanywea hajulikani kwa kumtazama usoni.