Kupanga Toleo Jipya la Programu ya Kukagua Data

Kila data iingizwayo katika kompyuta ina aina yake: zipo namba kamili kama 4, namba zenye desimali kama 3.7, maandishi na tarehe. Baadhi ya lugha za kompyuta hukagua aina hizo kabla programu haijaanza kazi. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, haifanyi hivyo. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, mwandishi wa programu anayo njia sanifu ya kutaja aina anazozitarajia, lakini lugha yenyewe hailazimishi zifuatwe.

Kwa sababu hiyo zilibuniwa programu saidizi zinazokagua data wakati kazi inapoendelea. Mojawapo ni Pydantic, iliyoanzishwa na Samuel Colvin mwaka 2017. Hiyo ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha bila malipo.

Matoleo ya mfululizo wake wa kwanza yalikuwa na upole uliopita kiasi. Tuseme kliniki ina fomu ambamo uzito wa mtoto umetajwa, kwa makosa, kuwa namba kamili. Uzito wa kilo 3.7 ukiingizwa, programu huukata ukawa 3, wala haitoi onyo lolote. Mganga akadiriaye dawa kwa uzito huo atapotoshwa na kumbukumbu isiyo na dalili yoyote ya kosa.

Tiba ya kasoro hiyo yaonekana kuwa rahisi: namba ya namna hiyo ikataliwe. Hata hivyo, programu nyingine nyingi zilikwisha kujengwa juu ya Pydantic, na baadhi yake zilitegemea upole uleule. Sheria ikikazwa ghafla, kazi iliyokuwa ikienda vizuri jana itasimama leo.

Mwaka 2022 Colvin alitangaza mpango wa toleo la pili, nalo likatolewa mwezi Juni 2023. Kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya Rust ili kuongeza kasi. Palipotakiwa namba kamili, 3.7 ilikataliwa, bali 3.0 iliendelea kupokewa kwa kuwa haipotezi kitu. Maandishi "123" nayo yaliendelea kugeuzwa kuwa namba, isipokuwa mtumiaji achague ukaguzi mkali.

Mabadiliko hayo yalitangazwa na namba ya toleo yenyewe. Kwa desturi ya waandishi wengi wa programu, tarakimu ya kwanza hubadilishwa pale toleo jipya lisipopatana na la zamani. Hivyo kutoka 1 kwenda 2 ni onyo. Aidha, toleo la kwanza liliwekwa ndani ya lile la pili, ili wasio tayari waweze kuhama hatua kwa hatua.

Hivyo basi, apangaye toleo jipya hana budi kuondoa kosa na, papo hapo, kuwapa nafasi ya kujirekebisha wale waliolizoea.