Bakshishi ya Mhudumu Haimo kwenye Risiti

Ukimaliza kula katika mkahawa wa Ndia Kuu au jirani na Fort Jesus, katika Mji wa Kale wa Mombasa, isome risiti kabla hujaikunja. Chini yake utakuta VAT ya asilimia 16 na, katika mikahawa mingi, tozo ya asilimia 2 iliyoandikwa "catering levy". Nimewaona wateja waungwana wakiiona hiyo asilimia 2 na kuondoka na roho safi, wakiamini mhudumu keshapata chake. Hajapata kitu. Tozo hiyo ni ya serikali, huenda katika Mfuko wa Utalii.

Kinachoweza kumfikia mhudumu ni ada ya huduma, "service charge", nayo mikahawa mingi kisiwani haitozi. Sheria ya VAT huisamehe kodi ada hiyo isipozidi asilimia 10, mradi inalipwa badala ya bakshishi na inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi. Kwa hivyo ukiiona kwenye bili, una haki ya kuuliza inagawiwaje. Isipotozwa, kama kule mitaa ya Kibokoni au Makadara, mteja aliyekula biriani ya Ijumaa huacha chenji mezani, akiacha.

Sasa mshahara. Tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini cha mhudumu wa mkahawa Mombasa kilipandishwa hadi takriban shilingi 17,400 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Kiwango hiki hakipunguzwi kwa sababu ya bakshishi. Kule Marekani, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, mradi bakshishi izibe pengo lililobaki. Kenya haina kipengele cha namna hiyo. Tajiri anayemwambia kijana, "Mshahara ni elfu nane, nyingine utajitafutia mezani," anavunja sheria, hata kama kijana ameitikia kwa furaha. Makubaliano ya kulipwa chini ya kima hayana nguvu.

Naijua hoja ya wenye mikahawa: kodi ya nyumba imepanda, mafuta yamepanda, wageni hawatabiriki. Ni kweli. Lakini kutotabirika huko ndiko wanakomtwika mhudumu. Wageni wa nje hujaa kuanzia Disemba hadi Machi, kisha mvua za masika huwafukuza. Mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi ya Mji wa Kale hulala mchana na kuamka magharibi. Mwezi Mei 2020, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, bakshishi ilikauka ndani ya siku moja. Mwenye mshahara halali alikuwa angalau na kitu cha kudai. Aliyekuwa akiishi kwa chenji za wateja hakuwa na hata dai.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, likizo ya uzazi ya miezi 3, malipo ya kupunguzwa kazini ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa utumishi, michango ya pensheni ya NSSF: vyote huhesabiwa kwa mshahara. Mama anayepata elfu nane za mshahara na elfu kumi na tano za bakshishi, akijifungua anabaki na elfu nane. Akienda kuomba mkopo, karatasi ya mshahara inasema elfu nane. Miaka yake kumi ya kubeba sinia haionekani popote.

M-Pesa nayo imeleta jambo jipya. Zamani noti ilitoka mkononi mwa mteja ikaingia mfukoni mwa mhudumu. Leo mteja huongeza mia mbili juu ya bili na kulipa yote kwa till, na till ni ya tajiri. Kama hakuna daftari la bakshishi, mia mbili hizo zimepotea. Ukitaka zimfikie aliyekuhudumia, mpe mkononi au mtumie kwa namba yake.

Jambo jingine ni makato. Glasi ikiteleza, wengine hukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu makato ya kadiri kwa hasara iliyosababishwa kwa makusudi. Sakafu iliyolowa si makusudi ya mhudumu. Na anayeitwa kibarua, akilipwa kwa siku huku akifanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi, sheria humhesabu mwajiriwa wa mwezi, na siku moja ya mapumziko kwa wiki ni haki yake.

Mhudumu aliyelipwa pungufu aende ofisi ya kazi ya kaunti, au kwa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli. Ana miaka 3 ya kufungua madai. Asiogope kwamba hana mkataba: kuuandika ni wajibu wa mwajiri, na mwajiri akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye.