Manjano yana dawa, tatizo ni safari

MWEZI uliopita mama yangu aliacha vidonge vya baridi yabisi alivyopewa hospitali. Jirani anayefanya biashara kati ya Kobero na Kabanga alimletea kopo la unga, juu limeandikwa "manjano ya nano". Baada ya wiki tatu magoti yalivimba, akashindwa hata kwenda shambani.

Akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma kule Ngara na sasa unafundisha sayansi, hiyo nano ni kitu gani?"

Nano ni kipimo. Ukigawa milimita moja vipande milioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita.

Manjano yana kurkumini, ndiyo inayoyapa rangi yake. Katika maabara, kurkumini imeonekana kuwatuliza makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu. Hao ni askari wa mwili. Wakichachamaa bila adui, kama inavyotokea kwenye baridi yabisi, hutoa kemikali zinazovimbisha viungo.

Hata hivyo, kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na ini huivunja haraka. Mtu anaweza kula manjano mengi, na kwenye damu kikafika kidogo sana. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa piperini ya pilipili manga iliongeza upatikanaji wa kurkumini mwilini mwa binadamu kwa asilimia 2,000, lakini kwa muda mfupi tu.

Sisi tuliokulia kambini tunajua tofauti ya mahindi yaliyoko bandarini na mahindi yaliyofika kwenye sufuria. Bila lori, mtoto analala njaa.

Chembe za nano ndizo lori. Kurkumini hufungwa ndani ya kifuko kidogo mno, kwa mfano cha mafuta. Makrofaji, kwa tabia yao ya kumeza vitu vigeni, humeza lori pamoja na mzigo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, waliipakia kurkumini kwenye eksosomu, vifuko ambavyo seli zenyewe hutoa. Panya waliopewa walikingwa dhidi ya mshtuko unaosababishwa na sumu ya bakteria.

Usafiri wa namna hii si ndoto. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna, zilizoanza kutumika mwaka 2020, zilibebwa na chembe za mafuta za nano.

Lakini panya si mama yangu. Kurkumini ya nano bado haijachukua nafasi ya dawa za baridi yabisi hospitalini. Tena, kinachofika mwilini kwa wingi kinaweza kufika na madhara yake. Madaktari wa Marekani wameripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, baadhi vikiwa vimechanganywa na pilipili manga.

Ndugu mfanyabiashara, manjano ya mboga uza bila wasiwasi. Lakini kopo la "nano" likija mkononi mwako, uliza: lina kurkumini kiasi gani? Nani amelipima? Limesajiliwa wapi? Ukikosa majibu, usimwambie mgonjwa aache dawa zake.

Mama amerudi hospitali na vidonge anameza. Manjano anayatia kwenye mchuzi, kama zamani.