Fyeka kwanza, usiwashe kiberiti



Leo naomba nikupeleke shambani, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Ukipita barabara ya Segera kwenda Tanga mjini wakati wa msimu, huhitaji kuambiwa kwamba umefika Muheza. Utaona malundo ya machungwa kando ya barabara na vijana wakikimbilia madirisha ya mabasi. Huko ndiko ilipo nyumba ya shamba ya wazazi wangu.

Baba alipofariki, mama alihamia mjini kwa dada yetu, na mlango wa nyumba ile ukafungwa. Mama naye akaja kutangulia. Kila mmoja wetu alikuwa na kazi yake na watoto wake, na mimi nilikuwa na parokia yangu. Miaka tisa ikapita. Yeyote anayelifahamu pori la Tanga anajua miaka tisa inaweza kufanya nini. Nyasi zilikuwa zimempita mtu kimo, lantana ilikuwa imefunga njia, upupu ulikuwa umetambaa hadi juu ya paa, na mchwa walikuwa wamekula mlango wa jikoni.

Tukakaa kikao cha familia. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, kwanza kwa kuwa ni mkubwa, na pili kwa sababu katika familia zetu padri hudhaniwa hakosei. Tulikubaliana mambo mawili: shamba lichomwe moto ili lisafishike haraka, kisha liuzwe. Mnunuzi alikuwapo, alitaka kulima mihogo. Nakumbuka niliufunga mkutano ule kwa sala.

Siku ya kuchoma ilikuwa ya Februari, mwaka juzi, kipindi cha jua kali kabla ya masika. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Kilichotuzuia hakikuwa hekima yetu. Ni bibi mmoja jirani, ambaye minazi yake inapakana na shamba letu. Alikuja akiwa amejifunga khanga kiunoni, akasema, "Baba Padri, upepo huu unauona? Ukiwasha hapa, jioni nitakuwa sina mnazi hata mmoja. Fyekeni kwa mkono kama walivyofanya wazazi wenu." Hatukuweza kubishana naye. Tukachukua mapanga na mafyekeo, tukaanza kufyeka huku tukinung'unika.

Mikono yangu imezoea kalamu na kikombe cha misa. Kufikia saa nne ilikuwa imeshavimba malengelenge. Kwa hasira ya uchovu nikalivamia kichaka kimoja nyuma ya jiko, nikakata kila kilichokuwa mbele yangu, pamoja na shina moja nene kama paja la mtu, lililozongwa na mitambaa hata gome lake halionekani. Lilipoanguka, nilisikia harufu. Ukiwahi kusugua jani la mchungwa kati ya vidole unaijua harufu hiyo. Nikainama nikatazama kisiki. Mti ulikuwa mweupe wa manjano, mbichi, unatoa maji. Ulikuwa hai.

Nilijifariji kwamba ni mti mmoja tu. Sikumwambia mtu.

Siku ya pili alikuja mdogo wangu, yule kitindamimba wetu. Hatukuwa tumemwita, na hapa lazima nieleze sababu. Mdogo wangu huyu alishikwa na pombe akiwa bado kijana. Ndiye aliyebaki na wazazi shambani sisi wengine tulipoondoka, lakini pia ndiye aliyeuza mabati ya jiko, akauza bomba la kupulizia dawa, na mwisho akauza cherehani ya mama. Baada ya cherehani, familia iliamua asiitwe tena katika jambo lolote la nyumbani. Aliyetoa pendekezo hilo ni mimi.

Alikuja na mundu wake mkononi, akasimama pembeni, akasema, "Shikamoo kaka." Nikaitika "Marahaba" bila kuinua uso. Akazunguka nyuma ya jiko. Alikaa huko kitambo, kisha akarudi na kuniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, huo ulikuwa mchungwa wa mama. Machungwa ya mstari ule ndiyo yaliyokuwa nauli yako ya kwenda seminari."

Ndugu msomaji, nimesoma falsafa na teolojia. Siku ile sikuwa na neno.

Naye hakungoja nijibu. Alikwenda kwenye kona ya jiko, akageukia mashariki, akaanza kuhesabu hatua. Baba alipanda michungwa kwa mistari, na mtoto aliyebaki nyumbani alikuwa bado anazikumbuka hatua kati ya shimo na shimo. Kila alipofika kwenye hesabu yake aliinama, akapenyeza mundu kwa uangalifu, akakata mitambaa kidogo kidogo, akasema, "Hapa upo mmoja." Wakati mwingine alisema, "Hapa ulikufa." Mpaka jioni ya siku ya tatu alikuwa ametuonyesha michungwa tisa iliyo hai, mchenza mmoja, na mwembe ambao sisi wote tuliudhani ni mti wa porini. Tungewasha moto siku ile, visingebaki hata vya kuhesabu, kwa maana gome la mchungwa ni jembamba na mizizi yake ya kulisha iko karibu na uso wa udongo.

Alitufundisha mengi. Alikataza jembe lisichimbue chini ya miti, tung'oe magugu kwa mkono tu ili tusikate mizizi. Tulipong'atwa na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, mmoja wetu alitaka kuwapulizia dawa. Mdogo wangu akasema waachwe, hao ndio walinzi wa matunda dhidi ya wadudu. Alikataza pia tusikate matawi yote mabaya siku moja. Yaliyokauka yaondolewe kwanza, mengine yangoje mwaka mwingine, maana mti uliozoea kivuli ukivuliwa ghafla shina lake huungua na jua. Mashina yaliyokuwa wazi akayapaka chokaa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mti wa mwisho katika mstari. Ulikuwa na majani mengi na afya nzuri kuliko yote, na matunda machache yalikuwa yakining'inia. Nikachuma moja, nikamenya, nikaweka mdomoni. Likawa kali kama siki! Mdogo wangu akacheka kwa mara ya kwanza. Akanionyesha miiba mirefu kwenye matawi, kisha akashuka na kidole chake hadi karibu na ardhi.

Wakulima wa Muheza watanielewa. Mchungwa mtamu kwa kawaida haupandwi kwa mbegu. Huoteshwa mche wa mlimau, ambao mizizi yake ni migumu na huvumilia ukame, kisha juu yake hubebeshwa kikonyo cha mchungwa mtamu. Kwa hiyo mti ni mmoja, lakini ndani yake mna asili mbili. Mti ukitunzwa, machipukizi yanayotoka chini ya mahali pa kubebeshea hukatwa yakiwa bado madogo. Ukitelekezwa, mlimau huchipua, hukua haraka, hunyang'anya mwanga na chakula, na baada ya miaka jirani huonja tunda moja na kusema, "Mti huu ni mchachu, kateni." Mdogo wangu akayatenganisha matawi yenye miiba, akanionyesha katikati yake tawi moja dhaifu lisilo na miiba mirefu. "Mchungwa wenyewe ni huu," akasema. "Haujafa. Umefunikwa na mlimau wake."

Usiku ule, kwa mwanga wa taa ya chemli, nilifungua Maandiko nikatafuta miti. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, Mungu anawaagiza watu wake kwamba hata wakiuzingira mji kwa vita siku nyingi, wasiipige shoka miti yake ya matunda. Fikiri jambo hilo: jeshi liko vitani, lina haraka na lina hasira, lakini Mungu anasimama mbele ya mchungwa wa adui. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, anayepanda mti wa matunda anaambiwa asile matunda yake miaka mitatu ya kwanza, na ya mwaka wa nne yawe ya Bwana, ndipo mwaka wa tano ale. Mungu wetu anajua kungoja, na anataka sisi nasi tujifunze.

Kisha nikafika Luka 13, kwa yule mwenye shamba aliyetafuta tunda kwenye mtini miaka mitatu asilione, akaamuru ukatwe. Mfano huu nimeuhubiri mara nyingi kila Kwaresima unapofika. Siku zote niliona huruma ya mtunza shamba anayeomba mwaka mmoja zaidi. Sikuwahi kuona mikono yake. Yule mtu haombi mti uachwe tu. Anaahidi kuuchimbia na kuutilia samadi. Anajifunga yeye mwenyewe kufanya kazi mwaka mzima, kazi chafu ya kubeba mavi ya ng'ombe. Huruma yake ina jembe ndani yake.

Hapo ndipo nilipojiona. Mdogo wangu nilimwombea kila siku katika misa, na sala hizo hazikuwa za uongo. Lakini nilimwombea kwa mbali, mikono ikiwa safi. Katika kikao nilikuwa nimeshamchoma moto. Nilionja tunda moja chachu, la cherehani ya mama, nikasema mti wote ni mchachu. Sikushuka chini kutazama ni wapi mlimau ulikochipukia.

Mtakatifu Agustino anasimulia katika Maungamo yake jinsi alivyoiba mapeari akiwa na miaka 16, si kwa njaa bali kwa kupenda uovu tu. Mtoto huyo alimliza mama yake Monika miaka mingi. Lakini mama hakukaa nyumbani akilia. Alivuka bahari kumfuata mpaka Italia, na mwaka 387 akamwona akibatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano. Kanisa zima linakula matunda ya mti ambao wengi wangeukata.

Wewe je, ndugu msomaji? Pengine una binti uliyemfukuza alipopata mimba shuleni. Pengine una mume ambaye mmelala vyumba viwili mwaka wa sita sasa, na umeshaamua kwamba chini ya kichaka kile hakuna kitu. Pengine katika jumuiya yenu ndogo ndogo kuna mtu ambaye jina lake likitajwa wote hutazamana. Sikuambii kwamba hakuna magugu. Magugu yapo, na miiba ipo. Nakuomba tu usiwashe kiberiti kabla hujafyeka kwa mkono. Na usifyeke peke yako kwa hasira kama nilivyofanya mimi. Mtafute anayekumbuka mistari, yaani yule aliyemjua mtu huyo kabla ya pori. Muulize, "Hapa zamani palikuwa na nini?"

Lakini pia usije ukasema padri amekuambia uvumilie kila kitu. Mlimau usipokatwa, mchungwa utakufa. Anayepigwa asibaki mahali anapopigwa kwa kuita kipigo hicho huruma. Nasi katika familia tulikaa kikao kingine, safari hii mdogo wangu akiwapo. Niliomba msamaha mbele ya wote, kwa ajili ya mti na kwa ajili yake. Kisha tukakubaliana, naye akakubali, kwamba yeye atalitunza shamba, lakini fedha za mauzo zitapokewa na dada yetu, naye atakwenda hospitali kusaidiwa juu ya pombe. Shamba halikuuzwa.

Sikusimulii muujiza. Tangu siku ile ameanguka mara mbili, na mara ya pili nililetewa habari nikiwa sakristia, nikakaa chini kabla ya kuvaa alba. Baadaye nilimfuata, tukaanza tena. Michungwa nayo, mwaka wa kwanza haikutoa kitu cha maana. Mwaka huu ule mti wa mwisho umezaa upande mmoja. Nililetewa machungwa saba katika mfuko wa plastiki. Matamu, ingawa ni madogo.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba mdogo wangu ruhusa. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika, kaka. Ila uandike pia kwamba mti wa mama uliukata wewe."

Nimeandika. Kisiki kile hakijang'olewa, na baada ya masika kilichipua. Bado hatujajua kama ni mlimau au ni mchungwa. Tunangoja tuone.

Nawatakia Dominika njema.