«Nasikia baridi» au «niko na mafua»?

Mwezi wa sita Lubumbashi inapoa, na makosa ya Kiingereza yanazidi. Mwaka uliopita mwanafunzi mwenzetu alikosa kazi ya mdomo, akamwandikia mwalimu mgeni: «I did not come because I was cold». Yeye alikuwa na mafua. Mwalimu alisoma kwamba kijana alisikia baridi akabaki kitandani. Alama ikawa sifuri, mpaka walipoelezana.

Kosa linatoka wapi? Kifaransa kinasema «j'ai froid», yaani mtu ana baridi. Kiswahili kinasema anaisikia. Kiingereza kinasema mtu *ni* baridi: «I am cold», au «I feel cold». Hali ya hewa nayo haifanyi baridi kama katika «il fait froid»; ni «it is cold».

Sasa tia kitenzi «have» na kile «a» kidogo: «I have a cold». Hapo umetaja ugonjwa. Ukiangusha «a», «I have cold» si Kiingereza; ni Kifaransa kilichovaa koti la Kiingereza. Mafua huletwa na virusi, lakini jina la Kiingereza limebaki na imani ya zamani kwamba yanaletwa na baridi.

Jihadhari pia na gripe. Kwetu mtu mwenye makamasi husema «niko na gripe», kisha anaandika «I have flu». Kwa Mwingereza, «flu» ni ugonjwa mzito zaidi, wenye homa na maumivu ya mwili mzima.

Kila neno lina marafiki zake. J. R. Firth, mwanaisimu wa London, alisisitiza jambo hilo katika miaka ya 1950: maana ya neno huonekana pia katika maneno linaloandamana nayo. Mafua makali ni «a bad cold» au «a heavy cold». Usiseme «a strong cold» wala «a big cold». Mafua madogo ni «a slight cold». Kuyapata ni «catch a cold», yakianza kukuangusha ni «come down with a cold», na kupona ni «get over a cold».

Baridi ya hewa ina wenzake wengine. Asubuhi yenye baridi kali sana ni «bitterly cold» au «freezing cold». Siku chache za baridi ya ghafla ni «a cold snap». Bukari uliopoa kabisa mezani ni «stone cold», lakini asubuhi haiitwi hivyo.

Basi, katika daftari lako usiandike «cold» peke yake na tafsiri yake pembeni. Andika kundi zima, pamoja na kitenzi na «a» yake. Yule mwenzetu angeandika «I had a bad cold», na sifuri isingekuwapo.